Doa kwenye Picha ya Kifua: Maswali na Majibu

Watu wengi hugundua kuwa wana uvimbe kifuani bila kuutafuta. Wamekwenda kupima afya kwa ajili ya ajira, picha ikarudi na doa, na usiku huo hawalali. Haya ndiyo maswali wanayouliza zaidi.

Nimepigwa eksirei kwa ajili ya kazi ya Ghuba, likaonekana doa kwenye pafu. Nina saratani?

Si lazima. Eksirei huonyesha kivuli, haisemi ni cha nini. Kwa kijana wa miaka 25 asiyevuta sigara, uwezekano wa saratani ya mapafu ni mdogo sana. Kwa mvutaji wa miaka 60, hesabu ni nyingine. Na huku kwetu madoa mengi ni makovu ya kifua kikuu kilichopona zamani, pengine bila mwenyewe kujua kwamba aliwahi kuugua.

Basi nianze dawa za TB?

Kwa doa peke yake, hapana. Makohozi yapimwe kwanza. Ni kweli daktari anaweza kuanzisha dawa hata kama vimelea havikuonekana, lakini huwa ameona mengine: homa za jioni, jasho la usiku, mwili kukonda. Kumeza dozi ya miezi 6 kwa kubahatisha ni kulitesa ini bure, huku doa likibaki palepale.

Kama si saratani wala TB, ni nini?

Kwenye pafu, uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi huitwa hamatoma. Ni gegedu, mafuta na nyama za kawaida za mwili zilizojikusanya bila mpangilio. Hukua polepole, milimita chache kwa mwaka, na mara nyingi hugundulika mtu akiwa amepita miaka 50. Chokaa ikijaa ndani yake, kwenye picha huonekana kama bisi.

Daktari atajuaje bila kunipasua?

Swali lake la kwanza liwe hili: una picha ya zamani? Doa gumu ambalo halijabadilika kwa miaka 2 kwa kawaida halina ubaya. Kisha kuna kipimo cha CT, kinachoonyesha mafuta na chokaa ambavyo eksirei huvikosa. Ukubwa nao una uzito wake: uvimbe wa pafu unaozidi sentimita 3 hushukiwa kuwa saratani mpaka ithibitike vinginevyo. Picha zisipotoa jibu, huchukuliwa kinyama kwa sindano na kupelekwa maabara.

Kama hauna saratani, kwa nini wengine hufanyiwa upasuaji?

Kwa sababu kifua hakina nafasi ya ziada. Chukua goita inayoteremka nyuma ya mfupa wa kifua. Shingoni huenda isionekane kubwa, lakini mgonjwa akilala chali pumzi inakata, na akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa kwa dakika moja, uso unavimba na kuwa mwekundu au mweusi, kwa kuwa mishipa ya damu imebanwa. Goita ya namna hiyo hutolewa hata kama haina chembe ya saratani.

Ipo pia teratoma, ambayo hukaa katikati ya kifua na huweza kuwa na nywele na hata meno ndani yake. Mtu hajarogwa, ni chembe za uumbaji zilizopotea njia akiwa bado tumboni mwa mama. Hii nayo hutolewa, maana ikipasukia kwenye njia ya hewa mgonjwa anaweza kukohoa nywele.

Dawa za kuyeyusha uvimbe zinasaidia?

Hapana. Hakuna mzizi wala kidonge kinachoyeyusha hamatoma au teratoma. Anayekuuzia anakula fedha yako na muda wako.

Ni lini nisisubiri miadi?

Ukikohoa damu, ukikosa pumzi, uso na shingo vikivimba, sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki 3, au chakula kikikwama. Nenda hospitali, na ubebe picha zako zote za kifua, hata ile ya miaka mingi iliyopita. Usiitupe.