Imani Isiyoogopa Kukaguliwa

SOMO LA WIKI
Maandiko: Mathayo 11:2-6, Luka 17:11-19, Matendo 17:10-12



Kijana mmoja wa hapa Ukunda, anayefanya kazi na wageni huko ufuoni Diani, aliniuliza: "Pasta, wageni wengi wananiambia hawaamini Mungu, na maisha yao yanaenda sawa tu. Sisi tunaoamini tukapata Shakahola. Sasa ushahidi uko wapi?" Nikamjibu haraka, "Ndugu yangu, wewe omba tu." Jumapili iliyofuata hakuja. Mpaka leo hajarudi.

Wapendwa, nilikosea. Nilisomea biashara, na najua kwamba karani anayekasirika akiulizwa risiti, kwake ndiko ukaguzi huanzia. Nami niliulizwa risiti, nikafunga daftari.

Swali lake si la mtu mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 wasio na dini. Na kuanzia Aprili 2023, kwa jirani zetu Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, wakiwemo watoto. Inadaiwa waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kanisa likikataza maswali, mwerevu ataondoka, na mtiifu anaweza kuangamia. Tuangalie Neno linasemaje.

1. Yesu alijibu swali. Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu kuuliza kama kweli Yesu ndiye. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wakamweleze waliyosikia na kuona: vipofu, viwete, maskini.

2. Yesu alikubali muujiza ukaguliwe. Wale kumi wenye ukoma aliwatuma kwa makuhani, ambao kwa sheria ndio waliothibitisha kwamba mtu ametakasika. Basi ukiombewa ukajisikia mzima, mshukuru Mungu, kisha nenda Msambweni hospitali ukapimwe. Usiache dawa za presha, sukari au ARV kwa sababu mhubiri amesema, hata akiwa ni mimi.

3. Waberoya walimkagua mtume. Walisikia mahubiri kwa furaha, halafu wakachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Biblia inawasifu.

Mtu atasema, "Lakini imani si kuwa na hakika ya mambo yasiyoonekana?" Ndiyo, Waebrania 11:1. Mungu haingii kwenye mizani ya dukani, na yako maswali ambayo sina jibu lake. Lakini Mungu haonekani, mhubiri anaonekana. Maneno yake, pesa anazokusanya na matunda yake vinaonekana. Hivyo vikaguliwe.

Na asiyeamini tusimtukane. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kujibu kwa upole. Huwezi kujibu kama hujasikiliza.

Juzi nilimpigia simu yule kijana, nikamwomba msamaha. Hajasema atarudi. Amekubali tukae tunywe chai, na safari hii nitaanza kwa kusikiliza.

Kazi ya wiki: Mtafute mtu mmoja aliyeacha kuja kanisani. Muulize kwa nini, na usimkatize.

Tuombe: Bwana, tupe imani inayosimama katika nuru, na masikio ya kusikia wanaouliza. Katika jina la Yesu. Amina.