Sikio na Jicho katika Mswada wa Filamu: Mfano kutoka Simbo, Kigoma

Makala haya yanajadili kosa moja linalowakwamisha waandishi chipukizi wa filamu, nalo ni kukiachia kinywa kazi ya jicho. Kosa hili lina historia yake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Vizazi kadhaa vililelewa na michezo ya redio, ambamo lisilosikika halipo.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mwandishi anayeishi Simbo, mkoani Kigoma. Mhusika wake, mvuvi wa dagaa, anamweleza mkewe: "Mama Neema, mbalamwezi ni kali mno, ndiyo maana siku hizi hatutoki kuvua." Redioni sentensi hiyo inatosha. Katika filamu ni mzigo. Ziwa Tanganyika lenyewe linatoa picha: dagaa huvutwa na mwanga wa taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupungukiwa nguvu. Basi na tuone mwezi juu ya maji, karabai zisizowashwa, mtumbwi mchangani, na mke anayefunua sufuria tupu. Asiseme mtu neno.

Hapa ndipo penye uchungu. Aliyesifiwa darasani kwa methali na tamathali huona mazungumzo yake yakifyekwa, akadhani Kiswahili chake kimedharauliwa. Hata riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), ilipofanywa filamu mwaka 2021 iliandikiwa mswada wake, kazi ya Amil Shivji na Jenna Bass. Nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama: tumezoea kuisahihisha miswada hii kana kwamba ni tamthilia za kusomwa kitabuni.