Kioo Kipya, Madeni ya Zamani

Jumamosi nimemaliza saa sita kwa kazi ya dakika kumi, na shilingi 15,000 imekula kwangu. Kwa hiyo haya ni maelekezo, lakini yana hasira kidogo.

Mjomba alikuwa na steshenari Temeke. Kompyuta yake, Compaq Deskpro yenye Windows 98, bado inaunguruma. Kilichokufa ni monita, ile ya chogo. Anataka daftari la madeni lililomo ndani. "Wengine bado wapo hai," anasema.

Hatua ziko tano. Ya kwanza, kukaza skrubu za waya, unaijua.

Ya pili: jua mawimbi yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Nilitaka kutumia TV, nikaenda Kariakoo kutafuta adapta ya VGA na HDMI. Muuzaji hakuinua hata macho: "Kaka, hiyo inapiga pande zote mbili." Haipigi! VGA, tangu IBM ilipoileta mwaka 1987, hutoa analojia. HDMI ni dijitali. Vile viadapta vya bei chee vingi vinashusha HDMI kwenda VGA, kwa ajili ya laptop mpya na projekta kuukuu. Sisi tunataka kinyume chake, na hicho ni kifaa kingine, mara nyingi chenye kiwaya cha USB cha kujipatia umeme. Niliporudi, yule kaka akaniambia mzigo ukishafunguliwa haurudi. Sawa.

Nikaazima monita ya flati, inchi 17, yenye tundu la VGA. Maandishi ya mwanzo yakatokea, mawingu ya Windows yakapita, halafu giza na kijisanduku cha kulalamika kwamba mawimbi yamezidi uwezo.

Hapa ndipo watu hununua waya mpya. Usinunue. Ukiona mwanzo kisha giza, waya ni mzima na kadi ni nzima. Tatizo ni kwamba kompyuta bado inaongea na marehemu. Mjomba aliipanga picha ichorwe mara 85 kwa sekunde ili chogo lisimuumize macho. Flati niliyoazima inaishia 75.

Ya tatu: zima, washa, gongagonga F8 kabla ya mawingu, chagua namba 3, Safe Mode. Picha itakuja, nene, 640 kwa 480, rangi 16. Mimi nikajiona fundi, nikapunguza ukubwa wa picha, nikawasha upya. Giza. Nikarudia. Giza. Mara ya tatu mjomba akaenda kusali.

Dawa ni kusahaulisha, si kupunguza. Ingia Device Manager, futa monita zote zilizoorodheshwa, futa na kadi ya picha, kisha washa upya. Windows itaamka kama mgeni asiyemjua mwenyeji, ivitambue vifaa upya, na kuanza na 60. Hilo tu. Saa nne za maisha yangu zimo kwenye neno "futa".

Hatua ya nne na ya tano zilinitoka kichwani, maana daftari lilifunguka. Jina la tatu lilikuwa la baba yangu: fotokopi, shilingi 450, mwaka 2003.

Mjomba akavuta kiti karibu na kioo.

"Shemeji," akasema.