Kipimo cha chupa ya soda

Mvua za vuli zimeanza, na barua za wafugaji zinalalamikia jambo lile lile: ng'ombe kanyweshwa dawa ya minyoo, mwezi haujaisha anaharisha tena, manyoya yamesimama, wengine wamevimba chini ya taya. Wote wanalaumu dawa. Huenda wana haki, maana za minadani hushinda juani juu ya turubai, nyingine hata lebo zimebanduka. Lakini kwanza niambieni mmepimaje.

Ninachokikuta boma baada ya boma ni chupa ya soda iliyotiwa alama ya kalamu. Mtamba hunywa mpaka kwenye alama, na dume vivyo hivyo. Albendazoli ya asilimia 10 hutolewa mililita 7.5 kwa kila kilo 100 za uzito. Dume la kilo 300 linahitaji zaidi ya mililita 22. Ukilinywesha mililita 15, minyoo dhaifu hufa, sugu hubaki ikitaga mayai yanayomwagika malishoni na kinyesi. Kwa minyoo bapa ya ini, ile inayopitia kwa konokono wa majaruba, kipimo ni mililita 10 kwa kilo 100, na hapo huua iliyokomaa tu.

Mizani hamna, najua. Zungusha futikamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Zidisha mzunguko huo kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa kutoka bega hadi mfupa wa kitako, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 10,840. Mzunguko 150 na urefu 125 ni kama kilo 260. Kundi likiwa kubwa, wagawe kwa ukubwa na upime kwa mzito wa kila fungu.

Sasa wachuuzi. Ukilalamika, wanakutolea chupa ya rangi nyingine: "Hii mpya, mzee." Soma maandishi madogo, mara nyingi ni albendazoli ileile. Wengine wanasukuma sindano ya ivermektini kwa kila ugonjwa, nayo haiui minyoo bapa. Na wewe unayeongeza maji ili chupa itoshe kundi zima, unajiibia.

Ng'ombe aliyepandwa chini ya mwezi mmoja uliopita asipewe albendazoli, inaweza kudhuru mimba. Usimwinue kichwa sana ukimnywesha, dawa isije ikaingia mapafuni. Siku za kuacha maziwa na nyama ziko kwenye lebo; za muuzaji ziacheni.

Waliouliza kuhusu mbuzi, nafasi imekwisha, tutaonana toleo lijalo. Kwa sasa msiwape kipimo cha kondoo: mwili wa mbuzi huondoa dawa hizi haraka zaidi. Muulizeni afisa mifugo wa kata.