Wakati, Utambuzi na Ukombozi wa Mhusika Mwovu katika Tamthilia ya Loki

Aghalabu mhusika mwovu katika hadithi za mashujaa hushindwa, akaadhibiwa au kuuawa. Ni nadra apewe fursa ya kubadilika. Tamthilia ya televisheni ya Loki, iliyotolewa na kampuni ya Disney kwa misimu miwili, 2021 na 2023, yenye jumla ya sehemu 12, inakiuka kaida hii. Makala haya yanachunguza jinsi safari za wakati zinavyotumiwa kusawiri mabadiliko hayo.

Loki, anayeigizwa na Tom Hiddleston, amechotwa katika visasili vya Skandinavia, ambamo ni bingwa wa hila. Mwanzoni ni yule yule aliyeivamia New York katika filamu ya The Avengers (2012). Anapotoroka, anakamatwa na asasi inayolinda mkondo wa wakati na kuonyeshwa maisha ambayo hajayaishi: kifo cha mamake, alichokichangia, kisha kifo chake mwenyewe. Kwa mhusika, huu ni mwonoambele. Kwa mtazamaji wa filamu zilizotangulia, ni mbinu rejeshi. Hapo ndipo panapotokea kile ambacho Aristotle anakiita utambuzi, yaani kutoka katika kutojua hadi kujua.

Hata hivyo, utambuzi si ukombozi. Je, mtu aweza kujutia kosa ambalo hajalitenda? Jibu linatolewa kwa vitendo. Katika msimu wa pili, Loki anajifunza kurudi nyuma apendavyo. Kwa karne kadhaa anarudia tukio lile lile, akijaribu kuuokoa mtambo unaofuma nyuzi za wakati, na kila mara anashindwa. Anaelezwa kwamba njia iliyopo ni kumuua Sylvie, mwenzake, anakataa. Badala yake anauvunja mtambo, anazishika nyuzi kwa mikono yake na kuketi nazo peke yake, nazo zinachukua umbo la mti.

Kinaya hapa ni bayana: aliyekitamani kiti cha enzi ili atawale anakipata kikiwa mzigo. Sehemu ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa zina anwani moja, Glorious Purpose. Maneno hayakubadilika, bali maana imepinduka.

Kwa kuhitimisha, safari za wakati hazikumfutia Loki makosa yake. Zilimfunza kwamba yaliyopita hayatengenezeki kwa kurudiwa. Ukombozi wake unaanza pale anapoacha kuisahihisha jana yake na kukubali kuibeba kesho ya wengine.