Uwanja wa Ndege Uendao Baharini: Maswali na Majibu kuhusu Manowari za Kubebea Ndege

Manowari ya kubebea ndege ni chombo cha namna gani?

Ni meli ya kivita ambayo sitaha yake ya juu imesawazishwa ikawa uwanja wa ndege, na ambayo tumboni mwake mna banda la kutengenezea ndege, maghala ya mabomu na mafuta, mitambo ya kuiendesha na makazi ya maelfu ya watu. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni aina ya Nimitz ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambayo meli yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975 na ya kumi, iliyo ya mwisho, mwaka 2009. Kila moja ina urefu wa takriban mita 333, uzito unaokaribia tani 100,000, na vinu 2 vya nyuklia vinavyochemsha maji yawe mvuke wa kuzungusha rafadha 4, yaani mapanga yanayoisukuma meli majini. Nishati ya vinu hivyo hudumu zaidi ya miaka 20, kwa hiyo kinacholazimisha meli za shehena kuifuata baharini ni chakula cha watu, mafuta ya ndege na silaha.

Ndege nzito hurukaje katika nafasi fupi kiasi hicho?

Kwanza hutafutwa upepo. Nahodha huigeuza meli mpaka omo ielekee kule unakotoka upepo, kisha huongeza mwendo, ambao unaweza kupita noti 30, sawa na kilomita 55 kwa saa, ili hewa ipite kwa kasi juu ya mabawa hata kabla ndege haijasogea. Kinachobaki hufanywa na manati ya mvuke, mtambo uliofichwa chini ya sitaha ambao pistoni zake husukumwa na mvuke ndani ya mitungi mirefu na kuivuta ndege kwa gurudumu lake la mbele, hata ikafikia kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa katika umbali usiofika mita 100 na muda wa sekunde 2 hivi.

Kabla ya hapo baharia mmoja humwinulia rubani ubao ulioandikwa uzito wa ndege, na rubani huashiria kwamba ndio huo, kwa kuwa nguvu ya mvuke hupangwa kulingana na uzito: ikipungua ndege itaangukia baharini, ikizidi itaweza kuvunjika. Ukuta wa chuma huinuliwa nyuma ya ndege ili kuzuia moto wa injini usiwaunguze watu, injini hupandishwa hadi mwisho, na rubani hupiga saluti. Rubani wa F/A-18 hurushwa akiwa ameshika kishikio kilicho pembeni mwa kioo badala ya usukani, kwa sababu mshtuko wa manati ungeweza kuutikisa mkono wake na kuiharibu njia ya ndege. Meli mpya ya Gerald R. Ford, iliyoanza kazi mwaka 2017, imeacha mvuke na kutumia manati ya sumaku ya umeme.

Kutua nako kunafanyikaje?

Kutua ndiko kugumu zaidi, hasa usiku, pale ambapo rubani haoni upeo wa macho na uwanja wenyewe unamkimbia huku ukipanda na kushuka kwa mawimbi. Kwa kawaida nyaya nene za chuma, 4 katika meli nyingi za aina ya Nimitz, hutandazwa kukatiza sitaha upande wa tezi, na ndege huja imeteremsha ndoana iliyo mkiani ili inase mojawapo. Taa zilizopangwa kandokando ya sitaha humwonyesha rubani kama yuko juu au chini ya njia sahihi, na marubani wenzake waliofunzwa kazi hiyo husimama karibu kabisa na mahali pa kutua, wakimwelekeza kwa redio na kumwamuru apae tena wanapoona hatari.

Magurudumu yanapogusa sitaha, rubani hasubiri kuona kama amenasa, bali papo hapo husukuma injini hadi nguvu yake yote, kwa sababu ndoana ikizikosa nyaya atahitaji kasi hiyo ili apae upya kabla sitaha haijaisha. Kila mtuo hupewa alama, nazo hubandikwa ukutani ambapo kikosi kizima huziona, desturi kali lakini ya haki, kwa kuwa kosa la mmoja huwagharimu wengi.

Jambo lisilokumbukwa vya kutosha ni kwamba uvumbuzi 3 uliowezesha ndege za jeti kutumia meli hizi ulitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950: manati ya mvuke ya Colin Mitchell, sitaha ya mshazari ya Dennis Cambell, ambayo huipa ndege iliyokosa nyaya njia ya kupaa bila kuzigonga zilizoegeshwa mbele, na kioo cha kuongozea mtuo cha Nicholas Goodhart.

Ni nani wanaofanya kazi juu ya sitaha?

Ni mabaharia ambao wengi wao ni vijana wadogo, nao hutambuliwa kwa rangi za fulana kwa sababu kelele za injini haziruhusu mazungumzo. Wenye njano huongoza ndege kwa ishara za mikono, wa kijani huhudumia manati na nyaya, wa zambarau hutia mafuta, wekundu hushughulika na silaha na ajali, wa kahawia hutunza kila mmoja ndege yake, wa buluu huziegesha na kuzifunga, na weupe husimamia usalama na tiba. Kabla ya safari za ndege hupanga mstari bega kwa bega na kutembea sitaha nzima wakiokota kila skrubu na kila kijiwe, kwa kuwa kipande kidogo kikivutwa ndani ya injini huiharibu.

Moto una uzito gani katika maisha yao?

Ndio adui anayeogopwa kuliko wote. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka kwa hitilafu ya umeme juu ya sitaha ya manowari ya Marekani Forrestal na kutoboa tangi la ndege iliyokuwa imeegeshwa. Mafuta yakawaka, na baada ya dakika moja na nusu hivi mabomu ya zamani yakaanza kulipuka, yakaua karibu kikosi chote kilichofunzwa kuzima moto. Watu 134 walikufa. Tangu hapo kila baharia wa Marekani, awe mpishi au karani, hufundishwa kuzima moto.

Maisha ya chini ya sitaha yakoje?

Ni maisha ya msongamano na zamu. Watu wapatao 5,000 hulala katika vitanda vya ngazi 3, kila mtu na sanduku dogo chini ya godoro, huku nyaya zikivuma juu ya vichwa vyao. Pombe imepigwa marufuku katika meli za Marekani tangu mwaka 1914, ila waliokaa siku 45 mfululizo bila kufika bandarini huweza kuruhusiwa bia 2 kila mmoja.

Je, Afrika Mashariki imewahi kuzijua meli hizi?

Imezijua kwa karibu. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuizamisha manowari ya Uingereza ya kubebea ndege Hermes karibu na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kundi la meli za nchi hiyo katika Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, Mombasa. Mwaka 1964, wanajeshi wa Tanganyika walipoasi tarehe 20 Januari na Serikali ikaomba msaada, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege Centaur ilitoka Aden ikiwa na makomando, na tarehe 25 helikopta ziliwashusha karibu na kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Jeshi lililoasi lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo.