SOMO LA MWEZI: KUUNGANISHA KINANDA NA KOMPYUTA ILI KUREKODI NYIMBO



Kikundi kimoja cha vijana wanaopiga muziki wa harusi kiliniita niwasaidie kumaliza ugomvi. Walikuwa wameweka akiba kwa muda mrefu, wakanunua intafesi ya sauti, yaani kile kisanduku kidogo kinachopokea sauti ya kinanda na kuipeleka kwenye kompyuta. Siku ya kwanza ya kurekodi, sauti ilikwaruza vibaya. Basi maneno yakaanza: ati mweka hazina alinunua kitu bandia, pesa nyingine akatia mfukoni. Dada huyo alikuwa tayari kujiuzulu.

Tulipokikagua kisanduku, kumbe hakikuwa na kasoro yoyote. Kitufe kimoja tu kilikuwa kimebonyezwa bila kujua, na kingine kimezungushwa karibu mpaka mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu mtu, tujifunze chombo kinavyofanya kazi.

Nguvu tatu za sauti

Fikirieni maji. Maji ya kisima ni lazima uyavute kwa kamba, lakini ya tangi la mlimani huja yenyewe kwa nguvu. Sauti nayo hupita kwenye waya kama umeme wa nguvu mbalimbali. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti. Gitaa la umeme hutoa zaidi. Kinanda cha aina ya sinthesaiza hutoa nguvu kubwa, karibu volti moja.

Ndiyo sababu intafesi nyingi zina njia tatu: MIC ni ya maikrofoni, INST ni ya gitaa, na LINE ni ya kinanda. Ukipitisha kinanda kwenye njia ya gitaa, kisha uongeze nguvu, ni kama kufungulia maji ya tangi kubwa kwenye mpira mwembamba. Lazima upasuke.

Hatua za kufuata

1. Punguzeni sauti kila mahali. Spika ziwe zimezimwa.

2. Nyuma ya kinanda tafuteni matundu mawili yaliyoandikwa OUTPUT: L/MONO na R. Chukueni waya mbili zenye plagi nene za robo inchi pande zote. Waya wa L uende tundu la 1 la intafesi, wa R uende tundu la 2. Kama mna waya mmoja tu, tumieni L/MONO.

3. Chagueni LINE. Kitufe cha INST kisiwe kimebonyezwa. Kitufe cha 48V kizimwe, maana huo ni umeme wa maikrofoni za aina fulani, kinanda hakiuhitaji.

4. Washeni intafesi, halafu kinanda, na spika mwisho. Wakati wa kuzima, anzeni na spika. Hivyo hamtaziharibu kwa mshindo.

5. Fungueni programu ya kurekodi. Audacity hailipiwi. Ndani yake chagueni jina la intafesi yenu. Msiposhika hatua hii, kompyuta itarekodi kwa maikrofoni yake yenyewe, pamoja na kuku wa nje!

6. Wekeni sauti ya kinanda kwenye robo tatu. Pigeni ile sehemu ya wimbo yenye nguvu zaidi, huku mkizungusha GAIN polepole mpaka kipimo cha programu kikaribie -12. Taa nyekundu ikiwaka, rudisheni nyuma. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye, lakini iliyokwaruza ni vigumu sana kuitengeneza.

Maswali tunayoulizwa

Tumeunganisha kinanda na kompyuta kwa waya wa USB. Mbona hatupati sauti?
Kwa vinanda vingi, waya huo hubeba MIDI tu, lugha ya vyombo vya muziki iliyoanza mwaka 1983. MIDI huieleza kompyuta ni kibonyezo gani kimeguswa na kwa nguvu gani. Haibebi sauti yenyewe.

Kinanda chetu kina tundu la hedifoni tu. Je, tutaweza?
Ndiyo. Nunueni waya wenye plagi moja ya stereo upande mmoja na plagi mbili upande wa pili, ziingie tundu la 1 na la 2. Msitumie waya wa stereo kuingia tundu moja tu. Sauti za pande mbili zinaweza kufutana, zikabaki nyembamba kama zinatoka ndani ya debe.

Kuna mvumo usiokoma.
Chomoeni chaja ya laptopu, mtumie betri. Mvumo ukiisha, shida ni njia ya umeme, si kinanda.

Vijana wale walibonyeza kitufe kikatoka, wakarudisha GAIN, wakapiga tena. Sauti ikatoka safi. Wote wakanyamaza. Kisha mwenyekiti alisimama, akamwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote. Wimbo waliurekodi jioni hiyo hiyo.

Ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani kati yetu anajua kutumia vyombo vyetu, na amefundisha wangapi?
2. Chombo kikikataa kufanya kazi, huwa tunakagua nini kwanza: chombo au mtu?
3. Tunaweka wapi risiti na kitabu cha maelezo ya kila chombo tunachonunua?